Kofia ya Pama Mstarini

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania siku huanza kwa paredi. Kengele ikilia, wanafunzi hujipanga uwanjani kwa madarasa, mwalimu wa zamu husimama mbele, viranja hukagua kucha na sare, kisha huimbwa Wimbo wa Taifa. Mwenye kofia huivua. Kuvua kofia mbele ya bendera na mbele ya mkubwa ni adabu ambayo mtoto hufundishwa mapema, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kumwambia ni wakati gani airudishe kichwani.

Jua la saa 1 asubuhi ni dhaifu, na dakika chache za paredi hazimdhuru sana mwanafunzi mwenye ualbino. Kinachomdhuru ni lile analojifunza pale mstarini: kwamba kofia yake ni kitu cha kuombewa ruhusa. Akishaingia darasani huiweka chini ya dawati. Saa 4 kengele ya mapumziko inapolia, wenzake wote hutoka mbio vichwa wazi, naye hutoka nao. Kofia hubaki chini ya dawati.

Ualbino ni hali ya kurithi. Mtoto huupata anapopokea nakala ya jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ingawa wazazi wenyewe kwa kawaida wana ngozi nyeusi kama jirani zao. Mwili wake hutengeneza melanini kidogo mno, au hautengenezi kabisa. Melanini ndiyo rangi inayoipa ngozi, nywele na macho weusi wake, na ndiyo mwavuli wa asili dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Kwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja katika kila watu 1,400. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Tanzania anayefundisha kwa miaka mingi ana nafasi kubwa ya kukutana na mwanafunzi wa namna hii kuliko mwenzake wa karibu kila sehemu nyingine duniani, wakati sare, ratiba na viwanja vya shule yake vimepangwa kwa ajili ya watoto ambao ngozi zao hujikinga zenyewe.

Athari za jua huanza mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam ulionyesha kuwa ngozi huharibika tangu utotoni. Kwanza huja kuungua na mabaka, kisha ngozi hukakamaa na kufanya magamba kwenye uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. Baadhi ya magamba hayo ni hatua ya kuelekea saratani. Saratani inayowapata zaidi ni ile ya chembe bapa za tabaka la juu la ngozi, na hupendelea kichwa na shingo, mahali palepale ambapo kofia nzuri ingefunika. Ikiwahiwa, daktari huikata na mgonjwa akapona. Ikicheleweshwa, huchimba hadi kwenye mfupa. Wengi huipata wakiwa vijana wenye nguvu za kufanya kazi na watoto wa kulea. Donda la mtu wa miaka 28, kwa hiyo, limeandaliwa kwa sehemu kubwa katika miaka aliyokuwa darasa la pili, la tano na la saba.

Hayo hayajawa siri kwa muda mrefu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi mwaka 1992, kimewafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kutoka hapo zilianza kliniki za kuwafuata wenye ualbino vijijini mkoani Kilimanjaro. Katika kituo hichohicho hutengenezwa losheni ya kujikinga na jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahususi kwa ngozi yenye ualbino na hali ya hewa ya huku. Mwaka 2002 Barbara Leppard, daktari wa ngozi aliyefanya kazi Moshi, alichapisha pamoja na mwenzake utafiti kuhusu mitazamo na imani za waliohudhuria kliniki hizo. Jambo la kujifunza limo katika swali lenyewe: haikutosha kuipima ngozi ya mgonjwa, ilibidi pia kumuuliza anafikiri nini juu ya jua, kofia na losheni. Elimu ipo, losheni ipo, na bado kofia imo chini ya dawati.

Sababu ya kwanza imo katika jinsi jua lenyewe linavyodhuru. Mtoto akishika sufuria ya moto huachia papo hapo, na hatarudia. Jua halimpi onyo la namna hiyo. Ngozi iliyochomwa na mionzi huanza kuwasha na kuiva saa kadhaa baadaye, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 12 na 24 tangu kuchomwa. Aliyecheza mpira wakati wa mapumziko hulia usiku, na usiku hakuna jua la kulaumu. Isitoshe, mtoto hupima ukali wa jua kwa joto, na joto si kipimo. Mionzi ya urujuanimno haihisiwi kwa ngozi wala haionekani kwa macho. Wingu jepesi huipunguza kidogo tu, na kila mtu apandapo mita 1,000 kutoka usawa wa bahari mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwanafunzi wa Lushoto au Makete anayevaa sweta kwa sababu ya baridi anaweza kuungua uso siku ya mawingu, na akashangaa kwa dhati ameungua wapi.

Onyo la saratani nalo ni la mbali. Kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba ataugua akiwa na miaka 25 ni kumsimulia habari za mtu mwingine. Kuna njia ya karibu zaidi, nayo ni macho. Karibu kila mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, na uoni wake ni hafifu hata akivaa miwani, kwa kuwa sehemu ya retina inayotumika kuona vitu kwa undani haikukomaa. Akiwa juani hukunja uso na kufumba macho nusu. Kofia yenye ukingo mpana humpa nafuu ya papo kwa hapo: anaweza kuuona mpira, anaweza kumtambua rafiki yake ng'ambo ya uwanja. Faida hiyo anaihisi leo. Mwalimu au muuguzi anayeanza na macho, na kuiacha saratani ije baadaye, huenda akasikilizwa haraka zaidi.

Macho hayohayo huleta tatizo jingine ndani ya darasa. Asiyeuona ubao huketishwa mbele, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini darasa lisilo na umeme hutegemea mwanga wa dirisha, na mtoto anayetaka kusoma maandishi madogo ya kitabu husogea penye mwanga zaidi, yaani dirishani au mlangoni, mahali ambapo jua la asubuhi au la mchana huingia na kumpiga shavu moja kwa saa mbili mfululizo. Mwalimu anayejua hilo hubadili dawati kulingana na upande wa jua. Asiyejua huona mtoto amepata nafasi nzuri.

Kisha ipo sare. Hapa mazoea ya kujikinga huamuliwa na kamati ya shule na fundi cherehani kabla mtoto hajaamua lolote. Mvulana wa shule ya msingi huvaa kaptula na shati la mikono mifupi. Magoti, miundi na mikono yake hubaki wazi mwaka mzima. Msichana huvaa sketi inayoshuka chini ya magoti na soksi ndefu, na kama ni Mwislamu huenda akavaa hijabu inayofunika masikio na shingo pasipo mtu kumkodolea macho. Masikio na shingo ni sehemu zinazosahauliwa sana na wapakaji wa losheni. Vazi lililotungwa kwa ajili ya heshima limefanya kazi ya daktari wa ngozi. Mvulana hana vazi la namna hiyo. Kwake kila kipande cha nguo cha ziada ni lazima kielezwe kwa mwalimu wa nidhamu.

Gharama ya kaptula inaweza kupigiwa hesabu. Viwango vya kinga vinavyoandikwa kwenye chupa za losheni hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Mtoto wa miaka kumi ana ngozi ya takriban mita moja ya mraba na kidogo. Akivaa kaptula na mikono mifupi, sehemu iliyo wazi hukaribia asilimia 30, nayo huhitaji kama gramu 6 au 7 kwa kila mpako. Akipaka asubuhi na kurudia mchana, kopo la gramu 100 humtosha wiki moja. Mvalishe suruali na shati la mikono mirefu, zibaki wazi uso, shingo, masikio na viganja, na kopo lilelile litakaribia wiki tatu. Mita moja ya kitambaa imefanya kazi ya makopo mawili. Ni vyema tu kitambaa chenyewe kiwe kimefumwa vizuri. Shati jeupe jembamba lililochakaa kwa kufuliwa, ukiliinua juani ukaona vidole vyako upande wa pili, halizuii mengi.

Kwa kuwa makopo ya wiki tatu tatu hayapatikani kwa urahisi, watoto hubana matumizi, na hapa ndipo losheni inapogeuka kuwa kitu kingine. Wengi hupaka nusu au robo ya kiasi kinachotakiwa, na kinga hushuka sana kuliko namba iliyoandikwa kwenye kopo. Nyumbani, losheni nyeupe iliyo katika kopo hufanana na mafuta ya kujipaka, na mafuta hupakwa baada ya kuoga. Anayeoga jioni hupaka jioni, akalala na kinga ya jua gizani. Kaka na dada wasio na ualbino nao hujipaka, kwa kuwa inanukia vizuri na kwa kuwa katika familia si adabu kumnyima ndugu. Wengine huitunza kwa ajili ya safari, harusi au siku ya kanisani, kama inavyotunzwa nguo mpya. Hakuna ujinga katika hayo. Ndivyo vitu adimu vinavyotumiwa katika nyumba nyingi. Lakini losheni hailimbikizwi. Nambour, mji wa jimbo la Queensland nchini Australia, watu wazima waliopewa losheni waipake kila siku kati ya mwaka 1992 na 1996 walipata saratani za chembe bapa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wale walioachwa wapake wanavyopenda. Hao walikuwa wazungu wasio na ualbino, na matokeo yao hayahamishiki yalivyo kwa mtoto wa Shinyanga. Hata hivyo tofauti iliyopimwa ilikuwa ileile inayohusika hapa: kila siku, au mara mojamoja.

Australia ina somo jingine, pengine kubwa zaidi. Kampeni yake maarufu ya kujikinga na jua ilianza mwaka 1981 katika jimbo la Victoria kwa katuni ya ndege shakwe aliyeimba na kucheza, akiwahimiza watu kuvaa shati, kupaka losheni na kuvaa kofia. Baadaye shule za msingi ziliingizwa katika mpango huo, na nyingi zikaweka kanuni nyepesi: bila kofia, hakuna kucheza uwanjani. Kofia ya ukingo mpana ikawa sehemu ya sare kama viatu. Mtoto hajiulizi kama avae. Asipoivaa atakaa chini ya paa akiwaangalia wenzake. Na watafiti wa huko wamekuwa wakilalamika kwamba mazoea hayo hufifia sana mtoto aingiapo sekondari, pale kanuni inapolegea na macho ya rika yanapokuwa na uzito kuliko ya mwalimu. Watoto hao hawakusahau elimu waliyopewa. Kilichoondoka ni kofia za wenzao.

Hali ya mwanafunzi mwenye ualbino nchini Tanzania ni kinyume cha hiyo. Yeye mara nyingi ni mmoja tu shuleni, na kofia yake ni moja tu uwanjani. Ngozi yake tayari humtangaza; kofia ya pama humtangaza mara ya pili. Watoto wenzake huinyakua na kurushiana. Akifika umri wa kujitazama kwenye kioo hubadili pama kwa kapelo, ambayo vijana wote huipenda, na kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo nje. Anajua tofauti. Amefanya hesabu yake, na katika hesabu hiyo kuchekwa leo ni kuzito kuliko donda la kesho. Mtu mzima asiyeelewa hesabu hiyo atamwita mkaidi.

Kuna shule ambazo mizani hiyo imebadilika bila mtu kupanga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya mauaji na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, watoto wengi walipelekwa kwa usalama wao katika shule za bweni na vituo kama Mitindo wilayani Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga wilayani Kasulu. Gharama yake ilikuwa chungu: watoto wadogo walitenganishwa na wazazi wao, wengine kwa miaka. Lakini mahali ambapo watoto kadhaa hukaa pamoja, kofia huacha kuwa alama ya mtu mmoja. Kliniki ya ngozi huwapata wote kwa siku moja, matroni hujua nani hajapaka, na mkubwa humfundisha mdogo. Hakuna haja ya kumtenga mtoto na wazazi wake ili kulipata hilo. Shule ya kawaida inaweza kuruhusu kofia ya pama kwa kila mwanafunzi anayeitaka. Wachache wasio na ualbino wakiivaa, kwa kukwepa jua au kwa mapambo tu, mwenye ualbino atakuwa amefichwa katikati yao.

Ratiba nayo ina neno lake. Inasemwa kwa kawaida kwamba jua huwa kali saa 6 mchana, na kwa Dar es Salaam hilo ni karibu na ukweli. Lakini Tanzania nzima hutumia saa moja ilhali jua huwafikia watu wa magharibi baadaye. Kigoma jua hufika juu kabisa yapata saa 7. Mwanafunzi wa huko anayeruhusiwa kwenda nyumbani saa 8 mchana huanza safari yake saa moja tu baada ya kilele, na kama nyumbani ni mwendo wa kilomita nne bila mti njiani, safari hiyo huzidi madhara ya paredi, mapumziko na michezo kwa pamoja. Losheni aliyopaka alfajiri imekwishafutika kwa jasho. Kipimo asichohitaji saa ni kivuli chake mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko urefu wake, mionzi ni mikali. Mtoto wa darasa la kwanza hulielewa hilo kwa siku moja, na hufurahia kuwapima wenzake.

Baada ya shule huja nyumbani, na huko ndiko walimu hawafiki. Jumamosi ni siku ya shamba. Likizo za Juni na Desemba ni wiki nyingi za kupalilia, kuchunga na kuteka maji, kazi ambazo mtoto hawezi kukataa na wazazi hawawezi kuzifanya peke yao. Kopo la losheni mara nyingi hubaki kabatini kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa ni mali iliyokabidhiwa shule na lazima isainiwe. Aliyelinda kabati hilo kwa uaminifu mwezi mzima anaweza kumpokea mwanafunzi wake Januari akiwa na midomo iliyopasuka na malengelenge masikioni.

Baadhi ya mambo haya yanahitaji fedha, na mengine yanahitaji sahihi ya bodi ya shule. Kumhamishia mwanafunzi mmoja kazi ya usafi kutoka uwanjani kwenda darasani hakuhitaji chochote, wala kumwandikia mzazi barua ya mistari mitano kuhusu shamba na saa za asubuhi na jioni. Wala kumwambia kiranja wa darasa, kabla ya paredi ya Jumatatu, kwamba wimbo ukiisha na bendera ikishapanda, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kofia ile imerudi kichwani.